Tutembee Katika Ardhi, Tuanzie Mikumi

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake.

Ndugu Waislamu, imeenea miongoni mwetu dhana kwamba utalii ni jambo la wageni, au ni upuuzi usiomfaa muumini. Matokeo yake, mtoto wa Kilosa huijua Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kupitia dirisha la basi tu. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, nayo iko mlangoni mwetu.

Katika Surat Al-Ankabuut, aya ya 20, Allah ametuamrisha tutembee katika ardhi tuangalie jinsi alivyoanzisha uumbaji. Katika Surat Al-Ghaashiya, aya ya 17, ametuelekeza tumtazame ngamia alivyoumbwa. Ikiwa ngamia ni ishara, je, tembo na twiga wa mbuga ya Mkata si ishara pia? Mtu aweza kufika Tokyo akarudi na picha tupu, na mwingine akafika Mikumi akarudi na imani iliyozidi. Tofauti ni nia na mazingatio.

Tunajua wapo wazazi ambao kwao tembo ni msiba, kwani huingia shambani usiku mmoja akamaliza chakula cha mwaka. Uchungu wao ni wa haki, na kuwasaidia ni wajibu. Lakini mtoto anayemjua tembo kwa hasara peke yake amepata nusu ya somo.

Tena liko jambo zito zaidi. Barabara kuu iendayo Iringa na Mbeya hukatiza hifadhini kwa takriban kilomita 50, na wanyama hugongwa humo. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwanamke aliadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia hadi akafa, na mtu alisamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Basi dereva anayepuuza mabango ya mwendo atajibu nini? Na abiria anayemhimiza aongeze mwendo, au anayetupa maganda yanayowavuta nyani barabarani, naye je?

Kwa hiyo tunazinasihi kamati za madrasa na wazazi wa Kilosa na Mikumi: ziara ijayo ya watoto iwe hifadhini. Tuchangishane nauli mapema; kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni. Tuondoke kwa dua ya safari, tuchunge swala na stara, tuepuke israfu na muziki. Mwalimu awaulize watoto walichokiona na kimewafundisha nini juu ya Muumba wao.

Mtoto aliyemtazama twiga kwa mazingatio leo, kesho akishika usukani atapunguza mwendo.

Wabillahi tawfiiq.