Viti vya meno tunapeleka, maji yake nani atalipa?

Jumuiya zetu huku ughaibuni zina kawaida njema ya kuchanga, kujaza kontena na kulipeleka nyumbani. Vitanda vya hospitali, viti vya magurudumu, kompyuta zilizotumika, vyote vimekwenda. Safari hii jumuiya ya mji ninaoishi hapa Uingereza imepewa viti vitatu vya matibabu ya meno, vizima, na daktari anayestaafu, viende hospitali moja ya wilaya Tanzania. Kikao kilizungumza saa mbili juu ya nauli ya meli, ushuru wa bandarini na nani atakwenda kukabidhi. Maji hayakutajwa hata mara moja. Mimi kazi yangu ni msaidizi wa daktari wa meno, na nasema maji ndiyo gharama itakayobaki pale baada ya wapiga picha kuondoka.

Kiti cha meno si kiti tu. Ndani yake mnapita mirija myembamba ya plastiki, upenyo wake milimita mbili tatu hivi, inayopeleka maji kwenye drili, kwenye kibomba cha kurushia maji na hewa, na kwenye kikombe cha kusukutulia. Bila maji hayo jino lingeungua drili inapozunguka. Usiku kucha na Jumapili nzima maji yamelala humo. Aliyewahi kutia mkono ndani ya pipa lililokaa na maji anaujua ule utelezi unaoshika ukutani. Utelezi ule ni bakteria waliojijengea utando. Ndani ya mrija mwembamba ukuta ni mwingi kulinganisha na maji, kwa hiyo utando hupata pa kushika, na maji yanapopita humega vipande na kuvipeleka kinywani mwa mgonjwa.

CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, kilieleza katika mwongozo wake wa mwaka 2003 kwamba hata mirija mipya kabisa inaweza kufikisha bakteria 200,000 kwa mililita moja ndani ya siku tano. Kiwango kinachokubalika kwa matibabu ya kawaida ni kisichozidi 500. Kwa maneno mengine, maji yanaweza kuingia kwenye kiti yakiwa safi na kutoka machafu, na macho yasione kitu. Wala si habari mpya, maana jarida la madaktari wa meno la Uingereza lilichapisha makala juu ya tatizo hili tangu 1963.

Sitaki kutishana. Mtu mzima mwenye afya yake humeza vijidudu hivyo na kurudi kazini. Lakini mwaka 2011 huko Italia bibi wa miaka 82 alifariki kwa homa ya mapafu ya Legionella, na wachunguzi wakawakuta bakteria hao hao kwenye maji ya kiti cha daktari wake wa meno. Mwaka 2015 kwenye kliniki moja ya watoto katika jimbo la Georgia, Marekani, watoto waliotolewa sehemu ya kiini cha jino walianza kuvimba mashavu na tezi za shingo. Waliougua walifika 20, wote walilazwa hospitali, wengi wakapasuliwa. Aliyewaumiza ni bakteria wa ukoo mmoja na yule wa kifua kikuu, na dawa nyingi hazimwezi. Maji ya viti vyote saba yalipopimwa, wastani ulikuwa zaidi ya bakteria 91,000 kwa mililita. Mwaka uliofuata California nayo ikapata watoto 71 kwa njia ile ile, na mwaka 2017 ikatunga sheria kwamba jino likifunguliwa hadi kwenye kiini lazima maji yawe yameuawa vijidudu au yametiwa dawa. Hizo ni nchi zenye maabara na wakaguzi kila kona. Kwetu mtoto akivimba shavu miezi miwili baada ya kuzibwa jino, nani atakumbuka kupima kiti?

Sasa tuje kwenye gharama, maana ndipo watu wanapokosea. Wengi wanadhani ni fedha nyingi. Sivyo. Kuna vidonge vinavyotiwa kwenye chupa ya maji ya kiti kila inapojazwa, na kuna katriji inayofungwa kwenye mrija na kudumu mwaka mmoja au lita 240. Kuna dawa kali ya kusafishia mirija kila baada ya muda, na kuna kipimo cha maji. Ukigawa kwa idadi ya wagonjwa wa mwaka mzima ni senti. Kilicho ghali ni muda. Hapa Uingereza mwongozo unataka mirija ipitishwe maji dakika mbili asubuhi, dakika mbili jioni, na sekunde 20 hadi 30 baada ya kila mgonjwa. Kwa wagonjwa 20 hizo ni dakika 14 kwa siku, yaani saa moja na dakika kumi kwa wiki kwa kila kiti, na muda huo hakuna anayetibiwa. Tena kupitisha maji peke yake hakuung'oi utando, ni kama kusuuza sufuria lenye ukoko. Lazima na dawa iwepo.

Na gharama hii haina mwenyewe. Mgonjwa haioni, na serikali hailipi peke yake. Tangu mkataba wa 2006 daktari wa meno wa NHS hapa England hulipwa kwa hesabu ya matibabu aliyofanya, na dawa ya mirija hutoka humo humo kwenye mapato yake. Kinachomfanya ailipie ni kwamba tangu 2011 wakaguzi wa CQC wanaweza kugonga mlango na kuomba daftari. Msinielewe kwamba Wazungu ni wasafi kwa kuzaliwa! Wanaogopa mkaguzi.

Nyumbani hali ya maji tunaijua. Mwishoni mwa 2022 mto Ruvu uliposhuka, Dar es Salaam iligawiwa maji kwa zamu. Hospitali nyingi huishi kwa matangi, na maji yanavyokaa kwenye tangi juani ndivyo klorini inavyopungua. Kiti kilichounganishwa moja kwa moja na tangi la namna hiyo ni hatari kuliko hiki ninachokihudumia mimi. Dawa ya mirija itabidi iagizwe kwa dola. Jiki ya dukani isidhaniwe ni mbadala, itakula vyuma vya drili. Mtu wa fedha wa hospitali akiambiwa achague kati ya glavu na vidonge vya maji ya kiti, atanunua glavu, na mimi nisingemlaumu.

Najua nitaambiwa kuna malaria, kuna mama wajawazito, na kwamba wengi wa wagonjwa wetu hung'olewa jino kwa koleo bila drili wala maji. Ni kweli tupu. Basi kama ni hivyo, kiti cha drili tunampelekea nani? Kama tunataka watu waanze kuzibwa meno badala ya kung'olewa, tusisahau kwamba njia ya kuziba bila drili ilianzia kwetu. Katikati ya miaka ya 1980 shule ya udaktari wa meno ya Dar es Salaam ilianza kukwangua meno yaliyooza kwa vifaa vya mkono na kuyaziba kwa saruji inayoshika yenyewe, bila umeme wala bomba. Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo mwaka 1994, na leo inatumika nchi nyingi. Kwenye zahanati isiyo na maji ya uhakika, mkoba wa vifaa hivyo una faida kuliko kiti cha kifahari kinachotema utelezi.

Pendekezo langu tupeleke viti viwili. Nauli na ushuru wa kile cha tatu vinunue dawa ya mirija na vipimo vya miaka miwili, chupa za akiba, na mafunzo kwa muuguzi mmoja wa pale. Cha tatu wapewe wenzetu wa mji mwingine wenye uwezo wa kukitunza. Na kabla ya kusaini chochote, katibu aiandikie hospitali barua aulize fungu la maji ya viti litatoka wapi kuanzia mwaka wa tatu. Wakijibu kwa maandishi, tusafirishe. Wakinyamaza, fedha yote iende kwenye mikoba ya vifaa vya mkono.

Mlioko nyumbani mnaofanya kazi kwenye kliniki za meno, za serikali na za binafsi, semeni mnatumia dawa gani, mnainunua wapi na kwa shilingi ngapi. Kikao chetu ni mwezi ujao na ningependa kwenda na bei za kweli mkononi.