Ukweli wa Kipande Hautoshi

Kuna biashara iliyoenea Ulaya na Marekani, na ambayo simu zetu zinatuletea hadi hapa. Ndege iliyostaafu hukatwa, bati la mwili wake hugawanywa kuwa vibati vidogo vya kutundikia funguo, na juu ya kila kibati huchorwa namba ya ndege kilimotoka. Mnunuzi hulipa bei inayopita mbali thamani ya alumini yenyewe, kwa sababu hanunui uzito wa chuma, bali hadithi yake. Pembeni mwa biashara hiyo inatembea nyingine: ya vipande visivyotoka karakanani, bali mahali ndege ilipoanguka na watu wakafa.

Wanunuzi wengi huuliza swali moja tu: je, kipande hiki ni cha kweli? Swali hilo ni jema, lakini ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni hii: kikiwa cha kweli, nani aliye na haki ya kukiuza?

Tusianze kwa kulaumu tamaa ya kushika kitu cha kale. Tamaa hiyo ni ya binadamu. Charles Lindbergh alipotua Le Bourget tarehe 21 Mei 1927, baada ya kuvuka Atlantiki peke yake, watu waliofurika uwanjani walichana vipande vya kitambaa cha ndege yake kabla walinzi hawajawazuia. Neil Armstrong naye, mwaka 1969, alibeba hadi mwezini kitambaa na kipande cha mti kutoka ndege ya ndugu Wright ya mwaka 1903. Mkono unapogusa kitu, moyo hukumbuka kwa urahisi zaidi. Hakuna dhambi katika hilo.

Lakini chuma hakisemi. Kipande cha alumini kisicho na namba wala alama kinafanana na kingine chochote, na cheti kinachoambatana nacho hakithibitishi kitu zaidi ya kwamba kuna mtu aliyetia sahihi. Thamani ya cheti ni thamani ya shahidi wake. Ukweli wa kipande hupatikana kwa njia ya taabu: namba iliyogongwa kiwandani, kumbukumbu za maandishi, na mnyororo wa mikono inayojulikana tangu kilipookotwa hadi leo. Mfano mzuri ni ndege ya Antoine de Saint-Exupéry, mwandishi tuliyemsoma wengi wetu shuleni. Alitoweka tarehe 31 Julai 1944. Mwaka 1998 mvuvi wa Marseille alinasa katika wavu wake bangili yenye jina la mwandishi huyo, na wapo waliodhani ni uongo. Mabaki ya ndege yalipotolewa baharini, namba iliyogongwa juu ya chuma ililinganishwa na kumbukumbu za kiwanda, na mwaka 2004 ndege ikatambuliwa rasmi. Mabaki hayo leo yako katika makumbusho ya Le Bourget, ambako kila mtu anaweza kuyatazama.

Kanisa linalijua jambo hili kwa uzoefu mrefu, kwa kuwa lilipambana kwa karne nyingi na biashara ya masalia ya watakatifu. Kulikuwa na mifupa ya kughushi, na kulikuwa na mifupa ya kweli iliyoibwa makaburini. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliagiza kwamba masalia mapya yasipokelewe bila askofu kuyachunguza na kuyakubali. Hiyo ilikuwa dawa ya uongo. Hata hivyo Kanisa halikusema kwamba masalia yaliyothibitishwa sasa yanaweza kuingia sokoni. Kanuni ya 1190 ya Sheria ya Kanisa inakataza kabisa kuyauza. Tazameni hekima iliyomo: uthibitisho hauzai ruhusa ya kuuza. Kadiri kitu kilivyo cha kweli, ndivyo kisivyopaswa kuwekewa bei.

Bati la ndege si mfupa wa mtakatifu, na sitaki kulifanya kuwa hivyo. Walakini tofauti ileile inatusaidia kuona. Chukueni ndege moja maarufu, Concorde. Mwezi wa Novemba 2003, baada ya ndege hizo kustaafu, vipuri vyake viliuzwa mnadani Paris, na mapato yakaenda kusaidia watoto wenye shida. Mwenye mali alijulikana, asili ya vipande ilijulikana, na hakuna aliyefiwa kwa ajili yake. Nani atalaumu? Lakini Concorde nyingine ilianguka Gonesse tarehe 25 Julai 2000, ikaua watu 113, wanne kati yao wakiwa chini, ardhini. Kama leo mtu angeleta sokoni kipande cha ndege hiyo, aina ya ndege ingekuwa ileile na alumini ileile. Lakini hadithi inayouzwa ingekuwa kifo cha wengine. Hadithi hiyo si mali ya muuzaji.

Sisi Wakongo hatuhitaji kufundishwa jambo hili kutoka mbali. Tarehe 8 Januari 1996, ndege ya mizigo ilishindwa kuruka katika uwanja wa Ndolo, Kinshasa, ikaingia katika soko la Simbazikita na kuua watu zaidi ya 200. Mama aliyempoteza binti yake pale angejisikiaje akikuta bati la ndege ile limewekwa ndani ya kioo sebuleni mwa tajiri fulani, na karatasi chini yake ikisema ni cha kweli? Ukweli huo haungemfariji. Ungemchoma.

Kuna sababu nyingine pia: kipande ni shahidi. Chombo cha anga Columbia kilipovunjika juu ya Texas tarehe 1 Februari 2003, wanaanga saba wakafa, na siku hiyohiyo vitu vilivyodaiwa kuwa mabaki yake vilianza kutangazwa mnadani kwenye intaneti. Serikali ya Marekani iliwaonya watu kwamba watashtakiwa. Vipande vipatavyo 84,000 vilikusanywa, navyo vikasaidia kuonyesha kwamba jeraha la chombo lilikuwa kwenye bawa la kushoto. Kila kipande kilichofichwa ili kiuzwe kingekuwa neno lililofutwa katika ushahidi.

Nasi tunayo kesi ambayo haijafungwa. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka karibu na Ndola, katika Zambia ya leo. Alikuwa akienda kuonana na Moïse Tshombe ili mapigano ya Katanga yasimame. Watu wote 16 waliokuwa ndani walipoteza maisha, mmoja wao siku chache baadaye hospitalini. Tangu mwaka 2015 Jaji Mohamed Chande Othman wa Tanzania amekabidhiwa na Umoja wa Mataifa kazi ya kuchunguza upya kifo hicho, kwa sababu ukweli wote haujajulikana. Kugeuza mabaki ya ndege ya namna hiyo kuwa pambo ni kuinyang'anya historia yetu sehemu ya ulimi wake.

Mtu atasema: wakusanyaji wameokoa vitu vingi ambavyo vingeyeyushwa kuwa masufuria. Ni kweli, na tuwashukuru wale wanaohifadhi kwa uaminifu na kufungua milango yao kwa watafiti. Lakini kuhifadhi na kukatakata ni mambo mawili. Makumbusho huweka kitu kizima ili wote wakione. Muuzaji wa vibati hukigawa hadi kisiweze tena kutoa ushuhuda wowote. Na anayeyeyusha bati apate sufuria anauza chuma tu, wala hamdai marehemu lolote. Anayeuza jina la ajali ndiye anayewadai marehemu bei.

Basi, atakayeletewa kipande cha namna hii aulize kwa utaratibu: kimetoka ndege gani, na namba yake iko wapi? Kimepita mikononi mwa nani? Mwenye mali aliridhia? Na je, mahali kilipookotwa kuna mtu anayeliliwa? Kama jibu la swali la mwisho ni ndiyo, kipande hicho kirudishwe kwa wachunguzi, kwa familia au kwa makumbusho. Hakuna cheti kinachoweza kukigeuza kuwa bidhaa.