Kansa ya Mama, Harusi ya Binti

Mwezi huu naomba tuweke pembeni habari za wivu na meseji za usiku, maana kuna dada kanitumia swali zito. Ana miaka 29, kazi yake nzuri, harusi ni mwakani. Mama yake alifariki kwa kansa ya ovari, vile vifuko vya mayai ya mwanamke, na mama yake mdogo akafuata kwa ugonjwa huohuo. Anauliza: "Anti, nimwambie mchumba wangu au ninyamaze mpaka tuoane?"

Mimi nasema mwambie. Tena sio kwa sababu ya ule wimbo wa "wapendanao hawafichani". Ni suala la kalenda.

Iko hivi. Sote tuna jeni zinazoitwa BRCA1 na BRCA2, ambazo kazi yake ni kukarabati DNA ikichanika ndani ya seli. Mwanamke akirithi BRCA1 yenye hitilafu, uwezekano wa kupata kansa ya ovari maishani unafika kama 40 kwa 100, au zaidi. Kwa BRCA2 ni pungufu ya hapo, lakini bado ni juu sana ukilinganisha na wanawake kwa ujumla, ambao ni kama mmoja tu kwa 100. Ndiyo maana mwenye BRCA1 hushauriwa kuondoa ovari na mirija akiwa na miaka 35 hadi 40, akishamaliza kuzaa. Wa BRCA2 anaweza kusubiri mpaka 40 hadi 45. Angelina Jolie, aliyempoteza mama yake mwaka 2007, alitangaza mwaka 2015 kwamba ametolewa zake akiwa na miaka 39.

Sasa piga hesabu. Bibi harusi ana 29. Kama bwana anaota watoto watatu, tena wa kupishana miaka minne minne, si haki ajue mapema kwamba huenda muda ni mfupi?

Najua hofu yake: mawifi watasema ukoo una mkosi. Mkosi gani? Hata mwanamume anaibeba jeni hiyo kimyakimya, na kila mtoto wake, wa kike au wa kiume, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Kwa hiyo na huyo mchumba akaulize shangazi zake walifariki kwa nini. Huwa hatuulizi upande wa baba, sijui kwa nini.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Jeni hiyohiyo inayoleta kansa ndiyo inayoipa dawa mlango wa kuingilia. Dawa kama carboplatin huichana DNA ya uvimbe, na uvimbe usio na fundi wa BRCA unashindwa kujiziba. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2012 ulikuta kwamba miaka mitano baada ya kugundulika, walio hai walikuwa 36 kwa 100 kati ya wasio na hitilafu, 44 kwa wenye BRCA1 na 52 kwa wenye BRCA2. Nisikudanganye, nafuu hiyo hupungua miaka inavyozidi kwenda, hasa kwa BRCA1.

Ila zimekuja dawa nyingine, mfano olaparib, za kumzuia fundi wa pili aitwaye PARP. Kwenye jaribio la wanawake 391 wenye hitilafu za BRCA, ambao kansa yao ilikuwa imeshasambaa na matibabu ya kwanza yakawakubali, baada ya miaka saba walikuwa hai 67 kwa 100 ya waliopewa olaparib. Kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa walikuwa kama 46. Bei yake ni kilio kingine, lakini bila kupima jeni hata daktari hajui kama inakufaa.

Na asije mtu akakuambia upime CA-125 kila mwaka inatosha. Waingereza walifuatilia wanawake zaidi ya 200,000, na majibu ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba kupimwa hivyo hakukupunguza vifo.

Dada yangu, kaulizeni kwanza hospitali alikotibiwa mama kama walihifadhi kipande cha uvimbe wake, maana nacho kinaweza kupimwa. Ukipimwa wewe peke yako ukakutwa huna, bila kujua mama alikuwa na hitilafu ipi, usishangilie haraka, huenda ya kwenu iko kwenye jeni nyingine. Kipimo ni cha damu au mate tu. Nenda naye, amsikie daktari kwa masikio yake. Majibu huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo msije mkayasubiri wiki ya kitchen party.