Msiukimbie Mwendokasi

Ndugu zangu wa Kimara,

Baadhi yenu mmeniambia kwamba tangu Uviko-19 mnayaogopa mabasi ya mwendokasi, na mkopo ukitoka mtanunua gari dogo la IST. Nawaandikia kutoka Queens, New York, kwa sababu hofu hiyo naifahamu, na hapa ilimlaumu asiye na kosa.

Machi 2020 gavana wa jimbo, Andrew Cuomo, alisema msongamano wa jiji hili unaangamiza. Mwezi uliofuata abiria wa treni za chini ya ardhi walishapungua kwa zaidi ya asilimia 90. Treni hizo, zilizotembea usiku na mchana tangu 1904, tarehe 6 Mei zikaanza kusimamishwa saa saba usiku hadi saa kumi na moja alfajiri zisafishwe. Ulipita mwaka mzima ndipo safari za usiku zikarudi. Wenye uwezo walihama au wakanunua magari.

Lakini tazameni ugonjwa ulikopiga. Katika wimbi lile la kwanza, Manhattan yenye maghorofa na watu wengi ilikuwa na kiwango cha maambukizi kidogo kuliko Staten Island, ambako nyumba zina nafasi na magari uani. Walioumia vibaya ni wa huku Queens, katika mitaa ya Corona na Elmhurst. Majengo ya huku si marefu. Watu wanabanana vyumbani, na kazi zao za kupika, kusafisha na kuuguza hazifanyiki kwa kompyuta sebuleni. Seoul na Hong Kong zimejaa watu na treni, na mwaka ule zilizika wachache mno kuliko sisi: watu wa huko walivaa barakoa mapema, wakapima, wakawafuatilia waliokutana na wagonjwa.

Sisemi basi lililoshona halina hatari. Linayo, hasa madirisha yakifungwa, na dawa yake ni kupunguza msongamano ndani. Mwaka 1918, homa kali ya mafua ilipoingia hapa, kamishna wa afya Royal Copeland aliagiza maduka na ofisi zifungue kwa saa tofauti ili treni zisijae. Nanyi mliiona levo siti kwenye daladala, yaani abiria wa kukaa tu, hakuna kusimama: ndani watu walipumua, lakini magari hayakutosha na vituo vikafurika.

Yanahitajika basi mabasi zaidi, lakini mwenye IST akiondoka kituoni, anamwachia muuguzi na mama lishe wapiganie mabasi peke yao. Kwa hiyo, kabla ya kusaini mkopo, nendeni kwenye mkutano wa mtaa mkaulize: saa kumi na mbili asubuhi yanatoka mabasi mangapi Kimara, na kwa nini yasiongezwe? Jibu mtakalopewa, nitumieni.