Roboti Ibebe, Muuguzi Abaki na Mgonjwa

Mei 2020 Rwanda ilipokea roboti tano kupitia Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, zilizotengenezwa na kampuni ya Zora Bots ya Ubelgiji. Zilipewa majina ya Kinyarwanda, Akazuba na Urumuri yakiwamo, na baadhi zikapelekwa kituo cha Kanyinya, Kigali, walikolazwa wagonjwa wa UVIKO-19. Zilipima joto la mwili na kupeleka chakula na dawa. Daktari aliyepunguziwa safari ya kuingia kwa mgonjwa alipunguziwa pia hatari ya kuambukizwa. Kwangu hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote ya kuingiza mashine kazini: shida ya mfanyakazi ilitangulia, mashine ikafuata.

Mambo huharibika mashine inapotangulia. Hoteli iitwayo 'Henn na Hotel', iliyoko Sasebo, Japani, ilifunguliwa 2015 ikijinadi kwa wahudumu wa roboti. Januari 2019 ikaripotiwa kuwa imeondoa zaidi ya nusu ya roboti zake 243. Mojawapo ya roboti za vyumbani, Churi, ilikuwa ikisikia mgeni akikoroma inadhani inaulizwa jambo, basi inamwamsha arudie alichosema. Wafanyakazi nao wakajikuta na kazi mpya: kuzihudumia roboti.

Sasa tuje kwenye wodi zetu, maana huko ndiko ningependa mjadala huu ufike. Muuguzi yuko zamu ya usiku. Ana sampuli ya damu inayotakiwa maabara, dripu inakaribia kuisha kitanda cha pili, na mama wa kitanda cha mwisho anaita. Akitoka na sampuli, wodi inabaki bila mtu. Roboti ya kubeba ingemfaa sana hapo, ilimradi njia ya kwenda maabara haina ngazi, lifti inafanya kazi, umeme haukatiki ovyo na fundi anapatikana. Vinginevyo aajiriwe mtu wa kutumwa. Ni nafuu, na mshahara wake unalisha familia.

Hofu ya wafanyakazi kwamba roboti zitawafukuza si ya kupuuzwa. Mashine yenyewe haimfukuzi mtu. Anayefukuza ni mwenye kupanga bajeti, akiona muuguzi amepunguziwa safari tano, naye akaamua wauguzi wawili wanatosha palipokuwa na watatu. Hapo mgonjwa hajapata kitu.

Kwa hiyo hospitali isisaini mkataba wa kununua roboti kabla ya kuwauliza wauguzi ni kazi gani inayowatoa kitandani kwa mgonjwa. Idadi ya wauguzi kwa kila zamu iandikwe kuwa haitapunguzwa kwa sababu ya mashine, na fedha za vipuri na za kumfundisha fundi wa hapo hapo zitengwe tangu siku ya ununuzi.