Santuri Si Kwaya: Neno Juu ya Missa Luba na Wanaotaka Iimbwe "Kama Ilivyo"



Juma hili tunaomba ruhusa ya kuyaacha kidogo masomo ya Dominika, ili tuseme neno juu ya ugomvi uliozuka katika kwaya moja ya huku mlimani. Parokia yenyewe hatuitaji, wenyewe wanajijua. Kwaya hiyo iliamua kujifunza Missa Luba kwa ajili ya jubilei ya parokia yao. Ulikuwa uamuzi mwema. Lakini walimu wao wawili wakagawanyika. Mmoja anayo katika simu yake rekodi ya mwaka 1958, iliyoimbwa na wavulana na walimu wa Kamina, kule Kongo. Mwenzake anayo ile ya mwaka 1990, iliyoimbwa na Kwaya ya Taifa ya Muungano ya Nairobi. Kila mmoja anashikilia kwamba yake ndiyo Missa Luba, na ya mwenzake ni kivuli. Walipochoka kugombana wakapatana katika jambo moja tu, nalo ndilo baya kupita yote: ya kuwa kwaya iimbe sawasawa na rekodi itakayochaguliwa, pumzi kwa pumzi, na asiyeweza akae kando. Basi kina mama watatu wa sauti ya pili, mmoja wao akiwa mwanakwaya tangu enzi za Askofu Joseph Sipendi, wameambiwa wapumzike kwa kuwa sauti zao "hazifanani".

Hazifanani na nini? Na simu.

Tuseme mapema kwamba hatuilaani kazi ya kulinganisha rekodi. Ni kazi ya masikio, na masikio yetu yamekuwa mavivu. Huko Ulaya wako watu wanaotumia miaka yao wakilinganisha rekodi za simfoni za Anton Bruckner, yule mpiga kinanda Mkatoliki wa Austria aliyezaliwa mwaka 1824, akafariki mwaka 1896, akazikwa chini ya kinanda kikubwa cha abasia ya St. Florian. Simfoni yake ya Nane, ilipoongozwa na Sergiu Celibidache pamoja na okestra ya Munich, ilichukua zaidi ya dakika 100. Wako waongozaji wengine wanaoimaliza kabla ya dakika 80. Hakuna mwenye akili aliyesema kwamba mmoja wao ni mwongo kwa sababu ya saa yake. Tena Bruckner mwenyewe alizirudia na kuzirekebisha simfoni zake mara nyingi, hata wataalamu wa leo hawajakubaliana ni toleo lipi lifuatwe. Na Celibidache, aliyefariki mwaka 1996, alikuwa hapendi kabisa kutia muziki katika santuri. Rekodi zake nyingi tunazozisikia zilitolewa baada ya kifo chake. Kwake yeye muziki ulizaliwa ukumbini, mbele ya watu waliokuwapo, na kilichobaki katika sahani kilikuwa kitu kingine. Sisi hatufiki mbali kama yeye. Tunayo redio, na tunaipenda. Lakini tunaona alikuwa na jambo.

Tuje sasa kwenye Missa Luba yenyewe, maana tunaona wengi wanaigombania bila kujua ilivyozaliwa. Padre Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, alikuwa mmisionari huko Kamina, katika Katanga, miaka ya 1950. Aliunda kwaya ya wavulana wapatao 45 na walimu wa shule wapatao 15, ikaitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, kwa jina la mfalme wa Ubelgiji wa wakati ule. Maneno yalikuwa ya Kilatini, yaleyale ya Misa, kwa sababu Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa haujaitishwa na hakuna aliyeota kuimba Misa kwa Kiluba wala kwa Kiswahili, ijapokuwa Katanga ni nchi ya Waswahili wa lugha kama sisi. Hayo maneno ya Kilatini wakayavika nyimbo zao. Kyrie ilifuata namna ya kasala, wimbo wa maombolezo wa Wabaluba. Sanctus ilijengwa juu ya wimbo wa kuagana. Hosana ikapewa mwendo wa ngoma ya Kasai. Na jambo ambalo tunawaomba walimu wetu wawili walisome mara mbili ni hili: hapakuwa na karatasi ya nota. Mmoja alianza, wengine wakaitikia, ngoma ikashika njia, na kile kilichokubaliwa na kundi kikabaki. Iliimbwa kwa mara ya kwanza Kamina mwezi Machi 1958. Mwaka huohuo kwaya ilisafiri Ulaya, ikaimba wakati wa Maonyesho ya Dunia ya Brussels, na kampuni ya Philips ikairekodi. Nota zilichapishwa baadaye, mwaka 1964.

Kwa hiyo anayesema "imbeni kama ilivyo" anadai jambo ambalo watoto wa Kamina wenyewe hawakulifanya. Wao hawakuwa na "ilivyo" ya kufuata. Tulicho nacho mikononi ni siku moja ya uimbaji wao, iliyoshikwa na kipaza sauti. Kama Philips wangaliwarekodi juma lililofuata, huenda tungalikuwa na Missa Luba tofauti kidogo, na mwalimu wetu wa mwaka 1958 angaliipigania hiyo kwa nguvu zilezile.

Tumezisikiliza rekodi zote mbili mara nyingi, kwa spika nzuri na kwa spika mbaya, hata ndani ya gari tukiteremka kutoka Kilema. Hatutajificha nyuma ya maneno ya kwamba zote ni nzuri. Katika Kyrie, Kamina wanashinda, tena kwa mbali. Joachim Ngoi, mwimbaji pekee wa tenori, anaita kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde, na sauti za wavulana zinamjibu zikiwa kavu, hazijapakwa mafuta. Kilio hakihitaji kupendeza. Muungano, chini ya uongozi wa Boniface Mganga, wanaiimba Kyrie hiyohiyo kwa sauti za watu wazima, wanaume kwa wanawake, zilizochanganywa vizuri mno. Tunasikia ustadi wao kwanza, na msiba baadaye. Katika Sanctus pia tunabaki na Kamina, ule mwanzo wa taratibu usio na haraka ya kufika popote. Wengi Ulaya waliifahamu Sanctus hiyo kwa njia ya filamu ya Kiingereza ya mwaka 1968, iitwayo If...., ya Lindsay Anderson. Filamu ambayo haina uhusiano wowote na altare, lakini ndivyo dunia ilivyo.

Katika Nasadiki tunageuka. Nasadiki ni ndefu, na katika rekodi ya Kamina masikio yetu huanza kutafuta mahali pa kukaa. Muungano wanaitembeza. Maneno yanasikika, sehemu moja inaikabidhi nyingine, na sauti za kina mama zinatoa rangi ambayo wavulana hawakuwa nayo. Mtu anayefundisha kwaya ya parokia, yenye baba, mama na vijana, atajifunza mengi zaidi kwa Muungano kuliko kwa Kamina, kwa sababu ya wazi kabisa: kwaya yake inafanana na Muungano. Huyo mwalimu wa mwaka 1958 anataka kina mama wa Kibosho na Uru watoe sauti za wavulana wa miaka kumi. Hilo halijapata kutokea, hata kwa novena.

Lakini kuna neno alilolisema ambalo limetukera zaidi. Alisema Muungano "wameimba kizungu". Tunaomba tulijibu kwa ukali kidogo. Wanakwaya wa Nairobi walitoka katika makabila mbalimbali ya Kenya. Kiluba si chao na Kasai si kwao. Waliichukua Misa hiyo kama wageni, wakaiheshimu, wakaiimba kwa makoo waliyopewa na Mungu. Sasa, nani aliyesema kwamba Mwafrika ni wa kweli akiwa mtoto, akiimba bila nota, na anakuwa wa bandia akishakuwa mtu mzima aliyefunzwa? Maneno hayo hayakuzaliwa Kilimanjaro. Yamechukuliwa kutoka kwa wageni waliotaka Mwafrika abaki kama walivyomwona mara ya kwanza. Kwa kipimo hicho, Mchaga yeyote aliyejifunza nota seminarini atakuwa ameacha Uchaga wake mlangoni. Tunalikataa jambo hilo, na tunashangaa kulisikia likisemwa na mwalimu wa kwaya ambaye yeye mwenyewe huandika nota vizuri.

Mwenye rekodi ya mwaka 1990 asifurahi bado. Yeye anataka Muungano waigwe kwa kuwa "ni safi". Usafi wa studio! Ameongeza kwamba, kwa kuwa wapiga ngoma wa parokia hawashiki mwendo sawasawa na rekodi, ni heri midundo itoke katika kinanda cha umeme, ambacho kinayo tayari tangu kiwandani. Hapo tunamkumbusha kwamba mwaka uleule wa 1958, tarehe 3 Septemba, Idara ya Ibada ya Roma ilitoa maagizo juu ya muziki mtakatifu, majuma machache kabla ya kifo cha Papa Pius wa Kumi na Mbili. Maagizo hayo yalikataza kabisa kutumia ndani ya liturujia vyombo vinavyojipiga vyenyewe: santuri, redio, kanda na mashine zinazofanana na hizo. Atasema hati hiyo ni ya kabla ya Mtaguso. Ni kweli, na mengi yaliyokuwa ndani yake yamebadilika. Lakini sababu yake haijazeeka. Liturujia ni tendo la watu waliopo. Anayepiga ngoma vibaya yupo. Kile kinanda kinachojipiga hakipo, ingawa tunakisikia. Na Mtaguso wenyewe, katika Hati ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulisema kwamba mapokeo ya muziki ya watu katika nchi za misioni yapewe heshima na nafasi yanayostahili. Haukusema yapewe mdundo namba 47.

Tunajua jibu ambalo walimu wetu watalitoa, nalo lina uzito. Watasema: Padre, ninyi mnaongea mkiwa na vitabu, kijana wa Rombo aliyepewa kwaya bila mafunzo atajifunzia wapi, kama si kwenye simu? Ni kweli. Rekodi imefundisha kwaya nyingi za vigango kuliko tulivyofundisha sisi mapadre, na hilo ni aibu yetu kuliko yao. Rekodi isikilizwe, basi. Isikilizwe sana, na zisikilizwe mbili au tatu, ili kijana aone kwamba hata mabingwa hawakubaliani, na hivyo naye anayo nafasi. Anayesikiliza moja tu huwa mtumwa wake. Nota nazo siku hizi si adimu kama zamani; mtandao wa Swahili Music Notes una maelfu ya nyimbo za watunzi wetu, na kijana mwenye simu ya kusikilizia rekodi anayo tayari simu ya kusomea nota. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa naye jioni mbili kwa juma. Huyo tunaweza kumpata ndani ya dekania, tukiacha kutumia michango ya kwaya kulipia studio na sare mpya kila mwaka.

Tena kuna swali ambalo katika ugomvi wote huu hakuna aliyeliuliza. Wavulana wa Kamina walipohitaji Sanctus, walichukua wimbo wa kwao wa kuagana. Wa kwetu uko wapi? Tangu Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni ya Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, Misa imeimbwa katika miteremko hii kwa zaidi ya miaka 130. Wazee wa Rombo wana namna yao ya kumlilia marehemu, wa Vunjo yao, wa Machame yao, na wengi wa wanaozijua sasa wamebaki wachache katika kihamba, wakiwa wamekaa na fimbo zao. Yule mama wa sauti ya pili aliyeambiwa apumzike ni mmoja wao. Tumemsikia mazikoni. Anapoanzisha, watu huacha kuzungumza. Walimu wawili wamegombana miezi miwili juu ya maombolezo ya Wabaluba, wakamtoa katika kwaya mtu pekee kati yao anayejua kuomboleza.

Kwa hiyo ombi letu kwa kwaya hiyo, na kwa Paroko wao ambaye ni ndugu yetu na tunajua anasoma ukurasa huu, ni fupi. Kina mama watatu warudishwe kabla ya mazoezi ya Alhamisi. Kyrie aianze yeye, kwa sauti yake ilivyo sasa, na kwaya imfuate kwa mwendo atakaouchukua. Nasadiki wajifunze kwa kuwasikiliza Muungano. Ngoma ya Hosana wapewe vijana waliokuwa wakiipiga, hata kama wanakimbia kidogo, na kile kinanda kizimwe mpaka atakapopatikana mtu wa kukipiga kwa vidole vyake.