Kanuni za Vipeo Zisitangulie Maana

Wakati wa mazoezi ya kufundisha nilipata kumwona mwanachuo mmoja akiandika ubaoni kanuni isemayo kwamba vipeo hujumlishwa. Watoto waliikariri kwa sauti moja, kisha wakajibu kwa usahihi kwamba 2³ × 2⁴ = 2⁷. Mwanachuo akaridhika. Nilipowauliza 2³ ni ngapi, wengi walisema 6; na jibu la 2³ + 2⁴ waliandika tena 2⁷. Kumbe hesabu hiyo ni 8 + 16, yaani 24, ilhali 2⁷ ni 128.

Kosa hilo si la watoto. Ni letu sisi tunaowapa kanuni kabla ya maana. Mtoto hana budi kwanza kufahamu kwamba 2³ ni ufupisho wa 2 × 2 × 2. Namba ndogo ya juu haizidishwi na ile ya chini, bali huonyesha ni mbili ngapi zinazozidishana. Akiandika kwa kirefu (2 × 2 × 2) × (2 × 2 × 2 × 2), atahesabu mbili saba, na kanuni ataitunga mwenyewe. Ataona pia kwa nini haifai penye alama ya kujumlisha, wala pale namba za chini zinapotofautiana, kama 2³ × 5².

Kuhusu 2⁰, wengi wetu huwaambia watoto wakariri tu kwamba ni 1. Karatasi moja yatosha kuwaondolea mashaka. Ikunje nusu mara moja, upate matabaka 2. Mara ya pili, 4. Mara ya tatu, 8. Sasa ikunjue. Kila mkunjo unaofunguliwa hugawanya matabaka kwa 2: kutoka 8 hadi 4, kutoka 4 hadi 2. Mkunjo wa mwisho ukifunguliwa, mikunjo ni 0, lakini karatasi ingalipo, nayo ni tabaka 1. Hiyo ndiyo 2⁰.

Yupo atakayesema kwamba kipindi ni kifupi. Ni kweli. Lakini dakika zinazookolewa leo kwa kukaririsha hulipwa kesho kwa kusahihisha kosa lile lile katika kila daftari. Tena, mtoto huyo atakapokutana na herufi badala ya namba katika shule ya sekondari, hatakuwa na pa kushika.

Kwa hiyo, mwanachuo, uandaapo somo la vipeo, kanuni na iwe ya mwisho kuandikwa ubaoni, na chaki aishike mtoto.